Duka lisilo na mlango nalo ni duka

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali kuhusu usajili na kodi ya biashara za mtandaoni.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifahamu kwa vitendo kuliko tunavyolifahamu kwa sheria. Jambo lenyewe ni biashara inayofanywa kwa njia ya mtandao. Watu wanauza vitenge, viatu, vipodozi, vyombo vya nyumbani, unga wa lishe, hata miche ya parachichi, kwa kutumia simu ya mkononi. Hawana duka, hawana kibao mlangoni, na mara nyingi hawana leseni wala namba ya mlipa kodi.

Nasema "wengi wetu" kwa makusudi. Ingekuwa rahisi kuja hapa kuwalaumu watu wengine wasiokuwapo, kisha sote tukapiga makofi na kurudi nyumbani. Lakini ukweli wa mambo ni kwamba mwalimu na mtumishi ni miongoni mwa wauzaji hao. Mshahara ukifika tarehe kumi umekwisha. Mtu anafungua kundi la WhatsApp, anaweka picha za mashuka, anapata cha kulipia ada ya mtoto. Hakuna aibu katika hilo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni, au nyumba ya kupangisha, na neno "kiongozi" liliwagusa pia watumishi wa ngazi ya kati na ya juu. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Tangu hapo mtumishi kuwa na shughuli yake ya halali, nje ya saa za kazi, si jambo la kunong'onezana. Hata hivyo, kuruhusiwa kufanya biashara si kuruhusiwa kuifanya gizani. Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu ya leo.

SHERIA HAIKUTUNGWA JANA

Yapo maneno yanayosemwa mara kwa mara kwamba biashara ya mtandaoni ni jambo jipya na kwa hiyo haina sheria. Maneno hayo si kweli. Sheria ya Leseni za Biashara, Namba 25 ya mwaka 1972, inamkataza mtu kufanya biashara bila leseni. Wakati ilipotungwa hapakuwa na simu ya mkononi hata moja nchini, lakini sheria hiyo inahusu biashara yenyewe, haihusu ukuta wa matofali. Kadhalika Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inatoza mapato yatokanayo na biashara. Haiulizi kama mteja alikuja kwa miguu au alituma ujumbe. Nayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilikuja kuthibitisha kwamba mapatano yaliyofanywa kwa njia ya mtandao ni mapatano halali, yenye nguvu sawa na yale yaliyoandikwa kwenye karatasi.

Kwa hiyo, mtu ananunua jozi kumi za viatu kwa nia ya kuziuza kwa faida. Akiziweka juu ya meza Kariakoo, ni mfanyabiashara. Akiziweka kwenye ukurasa wake wa Instagram, ni mfanyabiashara vilevile. Duka lisilo na mlango nalo ni duka.

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato iliwataka wafanyabiashara wa mtandaoni wajitokeze kusajiliwa. Tangazo hilo halikuleta kodi mpya. Lilikumbusha wajibu uliokuwapo siku zote, ambao tulikuwa tumejisahaulisha.

NJIA YENYEWE

Sasa tuitazame njia ya kufuata, hatua kwa hatua, maana watu wengi hawajasajiliwa si kwa ukaidi bali kwa kutojua waanzie wapi.

Hatua ya kwanza ni namba ya utambulisho wa mlipa kodi, ambayo sote tunaiita TIN. Hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na kuanza kazi tarehe 1 Julai, 1996. Namba hiyo hutolewa bure. Anayekudai "chai" ili akupatie namba hiyo anakuibia. Mwombaji anatumia namba yake ya kitambulisho cha taifa, na anaweza kuomba kwa njia ya mtandao. Mtumishi ambaye tayari alipewa TIN kwa sababu ya ajira au leseni ya udereva hapati namba ya pili. Anakwenda kueleza kwamba sasa anafanya na biashara.

Hatua ya pili ni jina. Ukiuza kwa jina lako mwenyewe kamili, hulazimiki kusajili jina jingine. Lakini ukijiita "Mama Furaha Vitenge" au jina lolote lisilo lako, jina hilo lisajiliwe kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Maombi hufanywa kwa mtandao na ada yake si ya kumshinda mwenye biashara ya kweli. Faida yake ni kwamba jina ulilolijenga kwa jasho halitachukuliwa na mwingine kirahisi. Kuunda kampuni ni jambo jingine, na mwenye biashara ndogo halazimiki kulifanya.

Hatua ya tatu ni leseni ya biashara. Leseni zipo za makundi mawili: kundi A hutolewa na BRELA, na kundi B hutolewa na halmashauri. Biashara nyingi za rejareja za watu wa kawaida huangukia katika kundi B, yaani kwa afisa biashara wa halmashauri yako.

Hatua ya nne inategemea bidhaa. Mwenye kuuza vyakula vya kusindika na vipodozi hana budi kuhakikisha kwamba bidhaa zake zinatambuliwa na Shirika la Viwango, ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975 na ambalo tangu mwaka 2019 limekabidhiwa pia usimamizi wa usalama wa vyakula na vipodozi. Nalitaja hili kwa uzito. Krimu za kuchubua ngozi, zenye zebaki au haidrokwinoni, zilipigwa marufuku madukani. Nyingi zilikimbilia kwenye simu. Dada anayejipaka sumu hiyo hana wa kumdai, kwa kuwa aliyemuuzia hana jina, hana anwani, na ukurasa wake umefutwa.

Hatua ya tano ni kumbukumbu na risiti. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Mwenye mauzo yanayofika Sh. 11,000,000/- kwa mwaka hutakiwa kutoa risiti za mashine ya kielektroniki. Mwenye mauzo yanayofika Sh. 200,000,000/- kwa mwaka hutakiwa kujisajili katika Kodi ya Ongezeko la Thamani, maana kiwango hicho kilipandishwa kutoka Sh. 100,000,000/- mwezi Julai, 2023.

Haya niliyoyaeleza ni ya Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana Mamlaka ya Mapato ya Zanzibar na wakala wao wa usajili wa biashara, na huko ndiko wanakotakiwa kwenda kuuliza.

TUFANYE HESABU

Woga wa kodi mara nyingi ni woga wa jambo lisilohesabiwa. Madhali miongoni mwetu wamo walimu wa Hisabati, tufanye hesabu pamoja. Nitatumia viwango vya kodi ya mapato kwa wafanyabiashara wadogo, wale ambao mauzo yao hayazidi Sh. 100,000,000/- kwa mwaka, kama vilivyowekwa baada ya mabadiliko ya mwaka 2022. Kila mwezi Juni Bunge huweza kubadili viwango, kwa hiyo kila mwaka mtu aulize.

Chukua mama anayeuza vitumbua na maandazi kwa kupokea oda kwenye simu. Anauza Sh. 300,000/- kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 3,600,000/-. Mauzo yasiyozidi Sh. 4,000,000/- kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Kodi yake ni sifuri.

Chukua kijana anayeuza vitenge. Anauza Sh. 500,000/- kwa mwezi, yaani Sh. 6,000,000/- kwa mwaka. Kama hana kumbukumbu zozote, kodi yake ni Sh. 100,000/- kwa mwaka. Kama ana daftari la kuaminika, analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi Sh. 4,000,000/-. Asilimia 3 ya Sh. 2,000,000/- ni Sh. 60,000/-. Basi daftari la shilingi elfu moja au mbili limemwokolea Sh. 40,000/-. Na hiyo Sh. 60,000/- ukiigawa kwa miezi kumi na miwili ni Sh. 5,000/- kwa mwezi. Wangapi kati yetu wanatumia zaidi ya hapo kwa vifurushi vya intaneti vya kutangazia vitenge hivyohivyo?

Sasa chukua mwenye biashara iliyokua, anayeuza simu na vifaa vyake kwa Sh. 5,000,000/- kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 60,000,000/-. Kiwango ni asilimia 3.5 ya mauzo, nayo ni Sh. 2,100,000/-. Hapa inafaa tuseme kweli bila kuogopa. Kodi hii inatozwa juu ya mauzo, haitozwi juu ya faida. Kama mtu huyu faida yake ni shilingi tano tu katika kila shilingi mia, basi kwa mwaka amepata Sh. 3,000,000/-, na kodi imechukua zaidi ya theluthi mbili ya faida yake. Huo ni mzigo mkubwa. Lakini sheria imemwachia mlango: anaweza kuchagua kutoka katika utaratibu huo na kutozwa kwa faida halisi. Faida ya Sh. 3,000,000/- kwa mwaka iko chini ya Sh. 3,240,000/-, kiwango ambacho mtu binafsi hatozwi kodi ya mapato. Lakini mlango huo hufunguliwa kwa ufunguo mmoja tu, nao ni kumbukumbu sahihi za manunuzi, mauzo na gharama. Asiye na daftari anabaki nje.

Kwa mtumishi na mwalimu pana jambo la kuangalia zaidi. Utaratibu wa makadirio ya mauzo uliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara. Sisi tuna mshahara, na mshahara umekwisha katwa kodi. Kwa hiyo mtumishi asijikadirie mwenyewe kwa kuangalia jedwali la jirani. Aende kwa afisa wa kodi na maelezo yote mawili, ya mshahara na ya biashara, aandikiwe wajibu wake. Kauli ya kwamba "mimi nimekwisha katwa kodi kazini" haitoshi. Kodi ya mshahara ni ya mshahara. Biashara ni pato jingine.

MWENYE FREMU NA MWENYE SIMU

Ndugu zangu, hebu tujiweke katika nafasi ya mwenye duka. Analipa pango la fremu, mara nyingi miezi kadhaa kwa mkupuo. Analipia leseni, ushuru wa taka, zimamoto, umeme na mlinzi. Ana mashine ya risiti, na akikosa kutoa risiti anapigwa faini. Kisha anakuja kijana, ambaye Kariakoo wanamwita winga, anapiga picha mali iliyoko kwenye rafu ya duka hilohilo, anaongeza bei, anaiuza kwa simu, na mnunuzi anadhani winga ndiye mwenye mali. Winga hana pango, hana leseni, hana risiti.

Mwezi Mei, 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka yao kwa siku kadhaa, na Juni, 2024 wakafunga tena. Malalamiko yao yalikuwa mengi, yakiwamo ya namna kodi inavyokusanywa na namna wanavyotendewa na wakusanyaji. Mgomo ule ulitufundisha kwamba mzigo wa kodi ukibebwa na wachache wanaoonekana, wachache hao hatimaye huchoka. Kila anayejificha anamwongezea uzito yule asiyeweza kujificha. Mwenye duka hawezi kulikunja duka lake akaliweka mfukoni.

Lakini tusikimbilie kumfanya winga awe adui wa taifa. Wengi wao ni vijana waliomaliza shule zetu, tuliowafundisha sisi wenyewe, wakakosa ajira. Winga mwenye makubaliano na mwenye duka ni mtafuta wateja anayelipwa ujira, na aandikwe hivyo. Aliyenunua akauza kwa bei yake ni mfanyabiashara, na aandikwe hivyo. Tofauti ya watu hawa wawili ni makubaliano yaliyoandikwa. Wasipoandikiana, afisa wa kodi akiona fedha zote zimepita katika simu ya winga, atakuwa na haki ya kuuliza kama zote ni mauzo yake.

Yuko na mwingine aliye mbali na winga. Huyu anaagiza mizigo Guangzhou au Dubai, ana ghala katika nyumba ya kawaida, ana vijana watano wa kufungasha, na pikipiki zinatoka uani kwake tangu asubuhi hadi usiku. Anajiita "mjasiriamali mdogo" kwa sababu tu hana kibao. Mtu huyu hastahili huruma anayostahili mama wa vitumbua. Ukubwa wa biashara upimwe kwa mauzo. Ukimya wa mlango wake usitudanganye.

MNUNUZI NAYE NI MWANANCHI

Tunapozungumzia usajili tunamfikiria mkusanya kodi peke yake. Tumfikirie na mnunuzi. Wangapi kati yenu mmetuma fedha kwa namba ya simu, kisha namba hiyo ikazimwa? Wangapi mmeletewa kiatu cha mguu mmoja, au kitambaa ambacho rangi yake haikufanana na ile ya kwenye picha? Sheria ya mwaka 2015 niliyoitaja inamtaka mwuzaji ajitambulishe na ampe mnunuzi maelezo ya kutosha kabla ya kununua. Badala yake tumezoea kuambiwa "bei njoo inboksi", ili kila mteja apimwe mfuko wake na kutajiwa bei yake. Zamani tabia ya namna hiyo tuliiita ulanguzi. Sioni sababu ya kuibadilishia jina kwa kuwa imehamia kwenye simu.

Mwuzaji aliyesajiliwa anaweza kutafutwa. Ana jina katika daftari la BRELA, ana leseni katika halmashauri, ana namba ya malipo yenye jina la biashara. Kwa mnunuzi usajili huo ni dhamana. Kwa mwuzaji mwaminifu ni silaha dhidi ya matapeli wanaomharibia soko.

Mwuzaji akumbuke pia kwamba majina, namba za simu na anwani za wateja wake si mali yake ya kugawa ovyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka wajibu kwa wanaokusanya taarifa za watu.

WAJIBU WA SERIKALI

Nimesema mengi kuhusu wajibu wa mwananchi. Yapasa sasa niseme wajibu wa Serikali, maana kodi ni mkataba wa pande mbili.

Historia yetu ina mafunzo ya kutosha. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalifungwa katika sehemu nyingi kabla ya maduka ya ushirika kuwa tayari. Nia ilikuwa kumwondoa mnyonyaji wa kati. Matokeo yakawa mwananchi kukosa chumvi na sabuni, na operesheni ikabidi isimamishwe. Kodi ya maendeleo, ile tuliyoiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003 baada ya watu kwa miaka mingi kukimbizana na mgambo. Mwaka 2018 wenzetu wa Uganda walianza kutoza shilingi 200 za huko kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, awe anauza au anasalimia wazazi. Mwaka 2021 wakaiacha na kuweka kodi nyingine juu ya vifurushi vya intaneti. Funzo la yote haya ni moja: tusitoze chombo cha mawasiliano kwa kushindwa kumtafuta mwenye pato, wala tusifunge njia ya riziki kabla ya kujenga nyingine.

Yako pia mafunzo mema. Desemba, 2018 Rais John Magufuli aligawa vitambulisho 670,000 kwa wakuu wa mikoa ili wapewe wafanyabiashara wadogo wenye mauzo yasiyozidi Sh. 4,000,000/- kwa mwaka, kwa Sh. 20,000/- kila kimoja. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake, lakini watu walijitokeza kwa sababu mambo matatu yalikuwa wazi: kiasi cha kulipa, mahali pa kulipia, na kinga atakayopata mlipaji. Mwananchi hakimbii kila malipo. Anakimbia malipo asiyoyaelewa.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

La kwanza, mlango uwe mmoja. Leo mtu mwenye mtaji wa Sh. 200,000/- anatakiwa kuzungumza na Mamlaka ya Mapato, BRELA, halmashauri, na pengine Shirika la Viwango. Taarifa ni zilezile na kitambulisho ni kilekile. Ajaze mara moja, ofisi zipeane.

La pili, suala la mkataba wa pango litazamwe upya. Mara nyingi mwombaji wa leseni huulizwa mkataba wa fremu. Anayeuza kutoka chumbani kwake hana mkataba huo, na hapo safari yake ya kutii sheria inakoma. Mwaka 2022 nchi nzima iliwekewa anwani za makazi. Nyumba zina namba na barabara zina majina. Anwani hiyo itoshe kwa biashara ndogo isiyopokea wateja mlangoni.

La tatu, malipo yanayopita katika simu yasichukuliwe yote kuwa ni mauzo. Katika simu ya mwalimu hupita mchango wa harusi, fedha za kikoba, ada ya mtoto wa ndugu na mauzo ya mashuka. Mwuzaji ahimizwe kuwa na namba ya malipo ya biashara peke yake, na afisa wa kodi afundishwe kutofautisha. Katika bajeti ya Juni, 2025 Serikali ilipendekeza kupunguza Kodi ya Ongezeko la Thamani kutoka asilimia 18 hadi 16 kwa mnunuzi wa kawaida anayelipa kwa njia ya kielektroniki. Huo ni mwelekeo mzuri: kumvuta mtu kwenye mwanga kwa faida, kuliko kumsukuma kwa kirungu.

La nne, kodi ionekane kazi yake. Kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutueleza fedha zilizotumika vibaya. Mwananchi anaisoma, anauliza: ninalipia nini? Swali hilo ni la haki, na anayelikasirikia hafai kukusanya kodi. Lakini anayeliuliza kwa sauti yenye nguvu ni yule aliyelipa. Aliyejificha hawezi kusimama katika mkutano wa kijiji kudai dawati.

WAJIBU WETU

Ndugu walimu na watumishi, sisi tunalipwa kwa kodi. Elimu bila ada, iliyoanza Januari, 2016 hadi kidato cha nne na kufikishwa kidato cha sita mwaka 2022, inagharimiwa na kodi. Darasa lenye watoto mia moja linahitaji mwalimu wa pili, na mwalimu wa pili hulipwa kutoka katika mfuko huohuo. Itakuwa ajabu kama sisi, tunaodai nyongeza ya mshahara kila Mei Mosi, ndio tutakaokuwa wa kwanza kuficha mapato yasiingie katika mfuko unaotulipa.

Basi yako mambo ambayo hayahitaji waraka wala semina nyingine.

Mwenye biashara ajisajili. Mwenye mauzo madogo asiogope. Hesabu tumeifanya, ameona. Afungue daftari lenye safu nne: tarehe, nilichonunua, nilichouza, nilichotumia. Aandike kila jioni kabla ya kulala.

Biashara isiingie katika saa za umma. Mwananchi aliyesimama dirishani akisubiri cheti cha kuzaliwa hana kosa kama mteja wako wa viatu yuko haraka. Mwanafunzi naye ana haki ya dakika zake zote arobaini.

Tusiwauzie walio chini yetu kwa nguvu ya cheo. Mkuu wa idara anayeweka picha za mali yake katika kundi la kazi anajua kwamba walio chini yake wataona haya kutonunua. Mwalimu anayemwuzia mzazi, huku mtoto wa mzazi huyo yuko darasani kwake, anamweka mzazi mahali pabaya. Hilo hata likiwa na risiti halali, si la haki.

Mwisho, tuwasaidie wengine. Katika kila mtaa mwalimu ndiye anayeulizwa barua imesema nini. Mama wa vitumbua hana muda wa kusoma Sheria ya Fedha, lakini anaweza kuelezwa kwa dakika tano kwamba kodi yake ya mapato ni sifuri, kwamba namba ya mlipa kodi ni bure, na kwamba anayemtoza kwa kumtisha hana haki hiyo. Elimu hiyo ya dakika tano itamwondoa mikononi mwa vishoka wanaoishi kwa woga wake.

Ndugu Mwenyekiti, biashara ya mtandaoni haitarudi nyuma. Binti aliyeko Namtumbo leo anaweza kumwuzia mtu wa Bukoba asali yake bila kupita kwa dalali hata mmoja. Jambo hilo kizazi kilichotutangulia kilikuwa kikiliota. Tukilipanga vizuri, litamnyanyua mkulima na kijana. Tukiliacha gizani, litawatajirisha wajanja wachache, litawaua wenye maduka, na litatuachia wanunuzi waliotapeliwa wasiojua wamshitaki nani. Kazi ya kulipanga ni ya Serikali na ni yetu, na kwa upande wetu inaanza na daftari la leo jioni.